Baba, Huu Moto Ukiguswa Unazimika

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao ni mzima. Nakula, nalala, na kile kikohozi kilichonisumbua tangu baridi ianze kimeniacha chenyewe, bila hata ile mizizi ambayo Shangazi alisisitiza niitafute, kana kwamba misitu ya huku ina mizizi ya Sikonge. Nawe hali yako? Goti linasemaje? Shangazi aliniambia mvua zilikatika mapema na karanga hazikujaa vizuri, ila mahindi ya bondeni yamesalimika. Nilishukuru Mungu kwa hayo ya bondeni. Kuhusu goti hakuniambia kitu, na Shangazi asiposema kitu ndipo mtu anapopata wasiwasi.

Barua hii anakuletea Desideria, binti wa watu wa Urambo anayesomea uuguzi katika mji huu ninaokaa. Anakwenda kwao likizo, lakini amekubali akishuka Tabora aje Kwihara kwanza. Usimwache aondoke na chai tupu. Huku ananipikia ugali kila nikizidiwa na kazi, na hana mtu mwingine wa kumwita dada. Mchinjieni kuku, nami nitajua kama mmemchinjia, maana nimemwambia anipe taarifa kamili.

Ninaandika kwenye karatasi kwa sababu ya ile simu ya Jumapili. Siku zote ukipewa simu unasema "ndiyo, ndiyo, haya" halafu unamrudishia Shangazi. Safari hii uliichukua mwenyewe mkononi mwake, ukasema maneno mengi kuliko uliyowahi kuniambia kwa simu tangu niondoke. Ulisema Mwalimu Lubaga amekueleza kwamba kazi yangu ni ya nyuklia, na nyuklia ni bomu. Ulisema hukuuza tumbaku miaka yote ile ili mtoto wako aende kutengeneza bomu la wazungu. Ukasema huo mkataba mpya nisiutie sahihi, na nikiutia, radhi yako sina. Kisha ukakata simu.

Baba, sitakuficha, nililia. Nilikuwa nimesimama jikoni na sufuria motoni, nikazima jiko, nikakaa chini. Baadaye nikakasirika. Nilimkasirikia Mwalimu Lubaga, maana namjua, anasikia nusu ya habari redioni na nusu ya pili anaitunga mwenyewe akiwa njiani anakuja kwako. Lakini hasira haikukaa. Wewe unanijua, nikikasirika sana nasinzia.

Jambo lenyewe ni hili. Mkataba wanaonipa ni wa miaka mitatu. Wanataka jibu langu kabla mashine yetu haijafungwa kwa ajili ya matengenezo, na siku hiyo haiko mbali. Kazi naipenda. Lakini bila radhi yako sitasaini, na hilo nimeshamwambia mkuu wangu, mama mmoja anaitwa Ingrid. Alinishangaa sana. Akaniuliza, "Wewe ni mtu mzima, una shahada zako, baba yako anahusikaje na mkataba?" Nikamjibu, "Anahusika." Sisi tumelelewa tukisikia kwamba radhi ni bora kuliko mali, na yeye kalelewa vingine. Si mtu mbaya.

Basi naomba nikueleze kazi yangu, polepole, kama vile tumekaa barazani. Kuuliza si ujinga, na wewe hukuuliza kwa sababu mimi nikija likizo huwa nakimbizana na wageni hadi siku za kuondoka zinafika.

Kwanza, Mwalimu Lubaga hakusema uongo mtupu. Kuna chembe ndogo ndogo mno ambazo zikiunganishwa zinatoa joto kubwa. Jua linawaka kwa njia hiyo. Na ni kweli kwamba zamani watu walitumia muungano huohuo kutengeneza bomu. Sisi tunalitafuta lile joto lake kidogo kidogo, lichemshe maji, mvuke uzungushe injini, upatikane umeme. Wewe mwenyewe umekausha tumbaku kwa moto na umepikiwa kwa moto, na umeona pia moto ukila nyumba ya mtu. Hakuna aliyekuita mchoma nyumba kwa sababu una bani la kukaushia tumbaku.

Mashine yetu imekaa kama tairi la trekta lililolazwa, tupu ndani, la chuma. Tunanyonya hewa yote iliyomo, halafu tunaingiza gesi kidogo sana. Kidogo kiasi gani? Ugoro anaouchukua Shangazi kwa vidole viwili ni mzito kuliko gesi yote iliyomo humo ndani. Gesi hiyo tunaipasha moto mpaka inaacha kuwa gesi, inakuwa kitu kinachong'aa tunachokiita plazma. Inafikia joto linalozidi lile la moyo wa jua. Hapo najua utaweka barua chini na kumwambia Shangazi, "Kalunde ameanza kuongopa." Siongopi, Baba.

Utauliza, na ni haki yako kuuliza, moto huo unazuiwa na ukuta gani. Hakuna ukuta wa kuuzuia. Tunauzuia kwa sumaku. Tairi lote limezungushiwa sumaku kubwa, na plazma ikiwa ndani inazunguka, inazunguka, haigusi chuma. Mradi sumaku zinafanya kazi, inabaki katikati.

Ila haibaki yote, na hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Wenzangu wengi wanashughulika na katikati, kwenye joto lenyewe. Mimi niko pembeni, kwenye ukingo, pale moto unapokwishia na nafasi tupu inapoanza kabla ya kufika ukutani. Joto linavuja pale. Zamani watu walidhani linavuja taratibu, kama mtungi unavyotoa jasho. Sivyo. Mkumbuke Shangazi anapokoroga uji wa ulezi ukawa mzito. Uji unatulia, unatulia, halafu donge moja linaruka na kumpata mkononi, naye anamtukana aliyechochea kuni. Plazma nayo ndivyo inavyofanya. Pembeni imechafuka, haitulii hata kidogo, na mara kwa mara inarusha donge la moto kuelekea ukutani. Kila donge ni dogo, lakini yakiwa mengi yanakula ukuta. Mashine ya kutoa umeme itatakiwa iwake miaka na miaka, na ukuta ukiliwa hivyo haitafika popote. Kwa hiyo wananilipa nijue madonge hayo yanazaliwa wapi, ni makubwa kiasi gani na yanaruka umbali gani. Hiyo ndiyo kazi ya binti yako, kuchunguza uji unavyoruka.

Nachunguza kwa kijiti. Ni mkono wa chuma wenye ncha ndogo za kupimia, unaoingia ukingoni na kutoka haraka kuliko kope inavyopepesa, kama mtu anayegusisha kidole kwenye maji ya ugali kujua yamepata moto. Ukiingiza kidogo unapata habari. Ukiingiza sana, ncha zinayeyuka. Kwa hiyo kila mara lazima niamue kijiti kiingie hadi wapi.

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi juzi, maana ndiyo yamenipa nguvu ya kukuandikia.

Mashine hatuiwashi ikakaa. Tunaiwasha kwa pumzi chache, inazimwa, sumaku zinapoa, watu wanabishana kidogo, tunaiwasha tena. Tunakaa chumba kimoja mbali na mashine, kila mtu na kioo chake cha kompyuta. Kabla ya kuwasha, anayeongoza anauliza kila mmoja kama yuko tayari. Siku hiyo aliyekuwa anaongoza ni Tobias, kijana mrefu mpole, anayejua kila msumari wa mashine ile. Asubuhi tulikuwa tumefanya vizuri. Mchana, kundi jingine likaomba plazma isogezwe nje upana wa kidole hivi, ili kifaa chao kione vizuri. Tobias akakubali. Lilisemwa mbele ya wote, na mimi nilisikia kwa masikio yangu.

Lakini katika kazi yetu kina cha kijiti hakipimwi kutoka kwenye moto. Kinapimwa kutoka ukutani, kwa sababu ukuta hauhami na moto unahama. Mtu mwingine yeyote duniani akitaka kujua yuko mbali kiasi gani na moto anautazama moto. Sisi tunautazama ukuta. Mimi nikaacha kipimo kilekile cha asubuhi, ingawa moto sasa ulikuwa umekisogelea kijiti upana wa kidole. Tobias akakiona kwenye kioo chake, akaona ni kilekile cha asubuhi, akaridhika, naye akiwa amesahau kwamba moto ameuhamisha yeye mwenyewe. Kosa kama hilo linafanywa na watu wa kazi hii tu, na kwa bahati mbaya sisi wawili ndio watu wenyewe.

Akaita, "Kijiti?" Nikajibu, "Tayari."

Tuna kamera inayoangalia ndani. Kwa kawaida unaona pembeni mwanga wa rangi ya waridi na katikati peusi, maana katikati ni moto mno kiasi kwamba macho hayaoni kitu. Nikaona kijiti kinaingia. Nikaona mwako mweupe kwenye ncha. Halafu kioo kizima kikawa giza. Tukasikia mshindo mmoja wa chuma, kama behewa likiunganishwa pale stesheni, basi. Hakuna aliyekimbia. Kulikuwa na bwana mmoja anakula tufaha, akaendelea kulila. Tobias akasema, "Umezimika," akashika kichwa chake.

Baba, naomba hapo usome tena. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya na mashine ile. Nilichoma chuma kwenye moto unaozidi jua. Na ule moto ulifanya nini? Ulizimika. Vichembe vichache vya chuma kilichoyeyuka viliuingia, ukapoa, ukafa papo hapo. Hauna nguvu ya kumfuata mtu. Bani likishika moto, unajua mwenyewe, watu wanasimama mbali, ndoo mkononi, wanaangalia likiisha, kama tulivyosimama siku la jirani yetu lilipoungua. Wetu una shida ya kinyume. Tangu asubuhi hadi jioni tunahangaika usizimike, na bado unazimika. Ndiyo maana kazi hii imewashinda watu wenye akili kwa miaka mingi na bado hakuna taa hata moja inayowaka nyumbani kwa mtu kwa umeme wake.

Sitakuambia kwamba hauna hatari yoyote, ningekuwa nakudanganya. Mashine ikiwaka inatoa miale isiyofaa kwa mwili. Kwa hiyo hakuna anayeingia ukumbi ule, kuta zake ni nene kama ngome, na kifuani navaa kidude kinachopima kama miale imenifikia. Mpaka leo hakijawahi kusema kitu. Mashine kubwa zitakazokuja zitatumia gesi ambayo yenyewe inahitaji uangalifu mkubwa, na chuma chake kitahitaji kuwekwa mbali na watu kwa muda mrefu. Hayo yapo, na Mwalimu Lubaga akiyasema atakuwa amesema kweli. Lakini bomu, hapana. Hata tungetaka, ile mashine haiwezi.

Nilidhani kazi imekwisha. Kijiti kile mafundi walikitengeneza kwa miezi, na mmoja wao alikitazama baada ya kukitoa, kimeliwa ncha zote, akakifunika kwa kitambaa. Bi Ingrid akatuita mimi na Tobias. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa. Akauliza swali moja: kabla ya kuyeyuka, kilirekodi? Kilirekodi. Muda ulikuwa mfupi sana, lakini kilikuwa kimefika ndani kuliko ambavyo tungethubutu kukipeleka kwa makusudi. Na pale ndani tuliona madonge yanapokatikia. Kila donge linaloruka kwenda nje linaacha shimo nyuma yake, na shimo lile linasafiri kurudi ndani. Wakubwa walishaandika kwamba ndivyo inavyokuwa, lakini kwenye mashine yetu hatukuwa tumeliona kwa uwazi ule. Bi Ingrid hakuruka kwa furaha, si tabia yake. Alisema huenda ni ncha zilizokuwa zinayeyuka zikatudanganya, na kazi yangu ya miaka mitatu, nikikubali, itakuwa kujua kama ni kweli au tumedanganywa. Ndio huo mkataba.

Huku mtu akikosea kazini analeta keki, wenzake wanakula, yanaisha. Tobias akaoka yake. Mimi sijui kuoka, nikapeleka kashata za karanga. Keki ilibaki. Kashata hazikubaki, na yule bwana wa tufaha aliweka nyingine mfukoni akidhani sijamwona.

Baada ya hapo nikampigia Shangazi. Nilitaka akueleze habari ya moto kuzimika, kwa Kinyamwezi, kwa namna yake, ili ujue hakuna bomu. Nikamweleza yote. Alicheka aliposikia habari za ugoro. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Kalunde mwanangu, unamhangaikia baba yako kwa habari za moto. Baba yako kakaa na moto maisha yake yote, haogopi moto."

Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema hataki kuniambia. Nikambembeleza. Akasema juzi ulimwita fundi wa saruji, ukamwonyesha nafasi iliyo kando ya kaburi la Mama, ukamwambia aipime. Akasema jioni ile ulimuuliza yeye mwenyewe, "Nyanzala, mimi nikifa mtamngoja Kalunde, au mtafanya kama tulivyofanya kwa mama yake?" Naye akaenda kufunga kuku.

Aliniapisha nisikuambie. Nimekuambia. Mnisamehe wote wawili, lakini siwezi kubishana nawe kuhusu bomu na mimi najua hatuzungumzii bomu.

Mama alipofariki nilikuwa huku. Simu ya kaka ilinikuta kazini. Theluji ilikuwa imefunga uwanja wa ndege, nikalala kwenye viti vya pale na koti langu, nikiwapigia kila mara kuwaambia nakuja, nakuja. Ninyi mlingoja. Najua mlingoja. Kisha wazee wakasema maiti haingojeshwi, mvua inanyesha, waombolezaji wametoka mbali, na wewe ukakubali kwa sababu walikuwa na haki. Nilipofika udongo ulikuwa bado mbichi na msalaba umeshasimama. Ulinishika mkono, ukaniambia, "Mama yako alikungoja, mwanangu. Sisi ndio hatukukungoja." Tangu siku ile hatujalizungumza tena.

Baba, sikukulaumu siku ile. Wala leo sikulaumu. Nilipaswa kukuambia palepale kaburini, lakini watu walijaa, na baadaye nikapanda ndege. Nasikitika kwamba umelibeba peke yako miaka yote hii ukidhani nina kinyongo. Sina. Nilikuwa na huzuni tu, na huzuni yenyewe haikuwa juu yako.

Kwa hiyo nilirudi kwa Bi Ingrid na jambo jingine. Mashine ikifungwa inafunguliwa kama injini ya gari, inasafishwa, inatengenezwa, na kwa miezi hakuna kuwasha. Miezi hiyo kazi yetu ni kompyuta tu, kuyachambua yale yaliyorekodiwa. Nikamwambia kuyachambua naweza hata nikiwa kwetu. Akaniuliza kama kijijini kuna intaneti. Nikamwambia siku nikihitaji yenye nguvu nitakwenda Kanyenye kwa kaka, na kwamba intaneti ya Kanyenye haichelewi kama treni za kwao. Hapo alicheka, na si mtu wa kucheka. Akakubali. Ameingiza kwenye mkataba kwamba kila mwaka mashine ikifungwa, mimi nafanya kazi nikiwa nyumbani.

Mkataba bado sijausaini. Uko mezani hapa ninapoandikia. Tiketi nimeshakata. Mashine ikizimwa napanda ndege, na mkataba nakuja nao. Nitakuwekea mbele yako, nitakusomea mstari kwa mstari, uulize utakacho, na Mwalimu Lubaga aje naye akae. Ukisema hapana, itakuwa hapana, na nitatafuta kazi ya kufundisha pale mjini, sitakununia. Ukisema ndiyo, nitausaini hapohapo kwako. Vyovyote utakavyosema, nitakaa hadi mvua zikaribie. Nitakuwa nakuudhi kwa kompyuta yangu barazani, na Shangazi ataanza kulalamika kwamba sijui tena kutwanga.

Nisalimie Shangazi Nyanzala, dada yako, mpe pole kwa kumvunjia siri, na umwambie ugoro wake ameupatia jina Ulaya nzima. Msalimie kaka Mihayo na shemeji pale Kanyenye, mwambie aandae meza moja karibu na dirisha dukani kwake, na asije akanipa ile yenye mguu mbovu. Mama mkubwa wa Sikonge mpeni salamu zangu na shukrani kwa asali, ilifika, ingawa nusu ilimwagika kwenye nguo za Desideria na hadi leo tunacheka. Mchungaji namwomba aendelee kuniombea. Na Mwalimu Lubaga, rafiki yako, mwambie simchukii. Namletea redio mpya inayoshika vizuri, ili awe anasikia habari mpaka mwisho.

Baba, lile swali ulilomuuliza Shangazi lilinihusu mimi, kwa hiyo nalijibu mimi. Siwezi kukuahidi kwamba nitawahi kukutupia udongo. Hakuna anayeweza kuahidi hilo, hata aliyelala chumba cha pili. Ninachoweza ni kuja mwaka huu, na mwaka ujao, na kila mwaka, nikae na wewe ukiwa unaniona na kunisikia, mpaka tuchokane. Na Mungu akikuita nikiwa mbali, wazee wakasema maiti haingojeshwi, waambie kuanzia sasa kwamba Kalunde amekubali. Siku hiyo wasiningoje. Nitakuwa nimeshakuja.

Binti yako akupendaye,
Kalunde